Mama Mukwe Ameingia Klabu ya Kiingereza

Masista walinifundisha Kiswahili cha kitabu, nami nitajaribu kukitumia hapa ili hata mtu wa mbali anielewe. Lakini nikipanda hasira kinanitoroka, nawaambia mapema. Na katika habari hii kuna mahali nilipanda hasira mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata msiba.

Mimi ni Mado, nakaa Kalubwe. Uani kwangu kuna paillote, banda la nyasi lisilo na kuta, ambalo marehemu mume wangu alijenga ili anywe bia yake kwa amani. Alipofariki, vijana wa mtaa waliniomba mahali hapo wafanyie klabu yao ya Kiingereza kila Jumamosi mchana. Hapa Lubumbashi kila mtu anataka Kiingereza. Zambia iko hapo tu, malori yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa, na anayeweza kuongea na mwenye mzigo bila mkalimani anakula vizuri. Nikawapa paillote, nao wakanipa cheo cha mtunza saa. Kazi yangu ni kugonga kifuniko cha sufuria mtu akizidisha muda wake. Kiingereza changu ni cha sokoni, nilikiokota mpakani nikinunua vitenge, lakini masikio yangu hayana ugonjwa.

Klabu ina sheria zake. Ukishaingia chini ya nyasi zile, hakuna Kifaransa, hakuna Kiswahili. Anayeteleza anavikwa shingoni mwiko wa bukari, yaani ugali, uliofungwa kamba, na anakaa nao mpaka mwingine ateleze. Tena, anayesema lazima amtazame machoni yule anayesema naye. Élie, kijana ambaye ni rais wa klabu, aliisoma sheria hiyo sijui wapi, na anaishika sana, usimchezee. Halafu kuna haki ya mwanachama mpya. Siku yake ya kwanza anachagua neno moja la Kiingereza, neno la kila siku, na anachagua nani atalieleza Jumamosi inayofuata: maana yake, na jinsi waandishi wanavyolitumia vitabuni. Kisha yeye huyo mpya ndiye anauliza maswali, na swali la klabu halikataliwi.

Sasa sikilizeni habari za nyumbani. Guelord ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mimi shangazi yake, anayeniita Tantine, ndiye niliyemlea. Ni fundi wa kilimo, mrefu, mpole, na Kiingereza anakiongea bila kupumzika. Alitaka kumuoa Deborah wa mtaa wa Bel-Air, na Deborah alimtaka. Mama yake Deborah ni Maman Honorine, mtu wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa, mwenye duka kubwa la unga. Mambo yote yalikuwa yamekubaliwa na siku ya dot, yaani siku ya kutoa mahari, ilikuwa imepangwa. Maman Honorine alikuwa na sharti moja tu, akalituma kwa mdomo wa kaka yake Mbuyi: mtoto wake asitolewe Lubumbashi.

Na Guelord alikuwa amekwisha kupata kazi Mitwaba.

Mitwaba, jamani! Kule juu kaskazini ambako baba zetu walitoka, barabara yake mvua ikinyesha ni kulia tu. Tulijua sisi wote. Mimi nilijua, Guelord alijua, Deborah alijua na alishanunua buti za mpira. Lakini msemaji wa familia ni kaka yangu mkubwa, yaya Edouard, kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, na yaya Edouard alimjibu Mbuyi bila kukohoa: "Akuna shida. Batabakia paka hapa," yaani watabaki hapa tu; paka yetu ni ‘tu’, si mnyama. Kisha akatugeukia: "Tutasema kisha mariage, harusi ikipita. Mama mukwe atalia kidogo, atazoea."

Uongo wake ulikuwa na ulinzi mzuri. Sisi na watu wa Kasai tunafanana kwa jambo hili: mama mukwe na mukwe wake wa kiume hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Kuongea uso kwa uso ndiyo usiseme. Kila neno linapita kwa wajomba na makaka, na likipita huko linapakwa mafuta. Nani basi angemuuliza Guelord mwenyewe?

Jumamosi moja klabu imekaa, geti likalia, akaingia Maman Honorine. Kilemba kipya, mkoba mkononi, daftari la shule kwapani. Guelord aliruka kutoka kwenye kiti chake akasimama nyuma ya nguzo. Nguzo ya paillote ni nyembamba, alionekana pande zote mbili.

Maman Honorine akajitambulisha kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kigumu lakini kimenyooka. Alisema ni mfanyabiashara, unga wake unatoka Zambia, amechoka kudanganywa na wakalimani. Watu wakapiga makofi. Élie akamweleza haki yake, naye wala hakufikiri.

"Neno langu," akasema, "ni ‘you’."

Vijana wakacheka. Neno gani hilo! Hata kuku wa Kasumbalesa wanalijua.

"Na nani atalieleza?" Élie akauliza.

Maman Honorine akanyoosha kidole bila kugeuza kichwa. "Yule aliye nyuma ya nguzo."

Kesho yake baada ya misa tulikutana kwangu. Yaya Edouard alikuja na koti lake la mikutano, maana alihesabu ni mkutano.

"Asiende," akasema. "Tutasema iko na malaria."

"Na Jumamosi ingine?" nikamuuliza. "Malaria tena?"

"Mado, ule mama anatega mutego."

"Mutego gani, yaya? Anajifunza Kiingereza."

"Kwabo kule Bel-Air baclub ya Kiingereza iko mingi. Juu ya nini akuye paka Kalubwe?"

Hapo niliinuka nikaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Guelord alikuwa amekaa anavunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Tantine," akasema, "nikikosa kwenda, atasema nilimukimbia. Nikienda, nitamuangalia mu macho. Yote mbili iko mubaya."

"Utaenda," nikamwambia. "Utaeleza ile neno, utaikala, basi. Kwani neno ‘you’ iko na Mitwaba ndani?"

Tukafanya mazoezi. Nikajifunga kilemba, nikaweka mkoba magotini, nikakaza uso kama mwenye duka anayeombwa mkopo. Guelord hakuweza kunitazama hata mimi, shangazi yake niliyemwogesha. Aliongea na kalenda ya ukutani. Yaya Edouard akatoa miwani yake nyeusi mfukoni, akampa, akasema na hii macho hayataonekana. Alijiona ana akili sana siku hiyo.

Kabla ya Jumamosi Deborah akapita kunisalimia, ana wasiwasi mpaka soda aliiacha.

"Tantine, mama anaimba mu cuisine, jikoni."

"Sasa kuimba ni mubaya?"

"Mama akiimba, anajua kintu."

Nikamwuliza kwa nini yeye mwenyewe asimwambie mama yake ukweli. Akainamisha kichwa, akanikumbusha habari ya dada yake Myriam. Kwa Myriam pia waliapa kwamba atakaa Bel-Air. Wasemaji walikuwa watu wenye kiti mbele kanisani. Mwaka haujaisha, mume akamchukua wakahamia Afrika Kusini, na Maman Honorine akaisikia habari hiyo sokoni. Sasa ana mjukuu ambaye hajawahi kumshika. Mtoto anamjua kwenye simu tu, anamwita Nkambo Allô, bibi anayekaa ndani ya simu. Deborah alisema mama yake akimaliza kuongea na mtoto yule anakwenda kukaa stoo peke yake, katikati ya magunia.

"Nikimwambia Mitwaba, atakufa," akasema. "Na nikikosa Guelord, miye njo nitakufa."

Nilimwambia hakuna atakayekufa, anywe soda yake. Lakini kusema kweli roho yangu ilikuwa imeshuka.

Jumamosi ikafika. Paillote ilijaa, maana habari zilikuwa zimetembea, na watu wasiojua hata salamu ya Kiingereza walikuja kujifunza siku hiyo hiyo. Maman Honorine alikaa mbele. Guelord akaingia na miwani ya yaya Edouard, akagonga kiti, akaomba radhi kwa kiti.

"Macho!" Élie akasema. Akamvua miwani kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka juu ya meza yangu, karibu na kifuniko.

Guelord akageukia upande wa mama mukwe, lakini macho aliyapandisha kwenye kilemba. Élie alitaka kulalamika. Kilemba si macho, lakini kinakaa jirani, akaacha. Mimi nikagonga kuanza. Waliyosema kwa Kiingereza nitayaandika kwa Kiswahili, ila neno lenyewe nitaliacha lilivyo.

Guelord akaanza kwa kukwama, kisha neno likamshika. Alisema watu wanalidharau neno hili, wanaona halina adabu. Kifaransa kina neno la rafiki na neno la mkubwa. Sisi huku mtu mzima tunamwita papa, maman, yaya, hatumrushii neno tupu usoni. Mwingereza anamwambia ‘you’ mtoto wake, mkubwa wa kazi, mfalme na mbwa.

"Mnadhani Waingereza walitupa heshima," akasema. "Hapana. Zamani walikuwa na maneno mawili. Moja lilikuwa la mtu mmoja wa karibu, mtoto, mpenzi, mtumishi. Lingine lilikuwa la watu wengi, na la mkubwa hata akiwa peke yake. Lile la karibu lilipotea midomoni, likabaki kwenye sala na mashairi ya zamani. Lililobaki ni hili la wakubwa. Kwa hiyo Mwingereza anayemwambia mbwa ‘you’ anampa mbwa heshima ya bwana."

Watu walicheka, Élie aliandika, na mimi kifua kilinipanda. Nikasema moyoni: mtoto wangu huyu!

Akaendelea na vitabu. Alisema washairi wanalipenda neno hili kwa sababu halina jina, halina umri, halisemi ni mwanaume au mwanamke. Mshairi anaandika ‘you’, na kila aliyewahi kupendwa anageuka kuangalia kama ni yeye anayeitwa. Na mwandishi wa hadithi akiona msomaji amejiegemeza anawatazama watu wengine wakiteseka, anamtupia neno hilo. Mara moja hadithi inakuwa yake, na kiti kinamchoma.

Nikagonga kifuniko. Muda wake haukuwa umeisha, lakini nilitaka amalize akiwa bado mzima. Makofi yakalia. Guelord akaanza kukaa.

"Maswali," akasema Maman Honorine.

Guelord akasimama tena, na macho yakarudi kwenye kilemba.

"Huyo mshairi," Maman Honorine akauliza, "kama wanawake wote wanadhani ni wao, basi ni mwongo?"

"Si mwongo, Mama. Yeye anajua anayemwambia. Ni sisi hatujui."

"Na yule anayeambiwa, anajua?"

"Anajua. Likikulenga, unasikia."

Maman Honorine akaandika kitu daftarini, polepole, akitoa ulimi kidogo kama mwanafunzi. Nilianza kupumua. Nikasema kumbe mama wa watu anasoma kweli, sisi ndio wenye roho mbaya.

"Kitabu kikiniambia ‘you’," akasema, "naweza kukijibu?"

"Hapana, Mama. Kitabu hakisikii. Mwandishi anasema anachotaka na hakuna wa kumuuliza."

"Kama wasemaji wa dot."

Wachache walicheka. Mimi sikucheka, nilishika kifuniko kwa mikono miwili.

"Lakini wewe si kitabu," akaendelea. "Nikikuambia ‘you’, unasikia."

"Nasikia, Mama."

Akafunga daftari. Akaondoa mkoba magotini akauweka chini.

"You," akasema. "Utampeleka mtoto wangu Mitwaba?"

Mayo! Wee mama! Nani alimwambia Mitwaba, mpaka leo sijui. Kiswahili cha masista kilikimbia kikaniacha peke yangu. Niliruka juu nikapiga kelele: "Guelord, nyamaza! Usijibu kintu! Ile haiko swali ya Kiingereza, ile ni swali ya mariage!"

Kila mtu aligeuka kunitazama. Élie akaja taratibu, kwa heshima zote, akanivika mwiko wa bukari shingoni. Mimi, mwenye paillote, mwenye parcelle, kiwanja chote! Nikagonga kifuniko, nikasema kwa Kiingereza muda umekwisha, umekwisha kabisa. Élie akajibu kwamba maswali hayana muda na swali la klabu halikataliwi. Nikakaa na mwiko wangu. Ningemchapa nao kama si watu.

Guelord alikuwa bado amesimama. Nilimwona anateremsha macho kutoka kwenye kilemba, yakapita paji la uso, yakafika pale pasipofikwa. Alimtazama mama mukwe wake machoni. Baadhi ya wazee waliokuja kuangalia waliinama wao, kwa aibu iliyokuwa ya Guelord.

"Ndiyo," akasema. "Nina kazi kule. Baada ya harusi tutakwenda, na Deborah anajua. Usimkasirikie, amenyamaza kwa sababu anakuogopea wewe."

"Na mlitaka kuniambia lini?"

"Baada ya harusi."

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Sina ruhusa ya kuongea nawe, Mama. Nilifurahi kwamba sina ruhusa. Ilinifaa. Leo unanitazama. Siwezi."

Maman Honorine aliokota mkoba, akapanga kilemba chake ambacho hakikuwa kimeharibika, akatoka getini. Hatukujua kama amekwenda kulia au kwenda kuvunja kila kitu. Guelord alikaa chini kwenye sakafu, ingawa kiti chake kilikuwa pale pale.

Miye sasa! Nilimusemesha ule mutoto mpaka mate ikaisha. Nilimwambia ulikunywa nini, ulitumwa na nani, ile ukweli yako utaoa nayo? Utailalia kule Mitwaba, itakupikia bukari? Bibi wa kuoa utapata wapi tena? Njo pale jirani alikuya kuuliza nani alikufa. Nikamwambia hajafa bado, aende aoge, avae nguo ya msiba, akuye kisha. Na mwiko ilikuwa paka ku shingo.

Guelord hakujitetea. Alisema tu, "Tantine, kama ananikatala, anikatale miye. Hapana ule muntu yaya Edouard alitengeneza." Nikaenda kupika, nikaunguza sombe, kisamvu chetu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Deborah alipiga simu akinong'ona: mama hasemi, na haimbi tena. Kwangu Guelord alikuwa anakula nusu sahani. Tulingoja neno la Mbuyi kwamba dot imevunjika. Badala yake Mbuyi akatuma neno lingine, fupi: siku ni ile ile, tuje.

Yaya Edouard alifurahi mpaka akapiga meza. "Munaona? Akuna kintu kilisemwa."

"Yaya, kilisemwa mbele ya bantu bote!"

"Kilisemwa mu Kiingereza. Mu club. Mama mukwe na mukwe wake baliongea? Hapana, ile haiwezekane mu desturi. Kama haiwezekane, haikufanyika. Nitasema vile nilisemaka."

Nilimwangalia kaka yangu nikaona anaamini kabisa. Ubishi wa familia yetu haujaanza leo.

Tulikwenda Bel-Air siku hiyo tumevaa, tumebeba, tumeimba kutoka barabarani mpaka mlangoni. Sebule ya Maman Honorine ilikuwa imepangwa kama inavyotakiwa, wao upande huu, sisi upande ule, wasemaji katikati. Guelord alikaa nyuma yetu, kichwa chini, maana bwana harusi hasemi. Mama mukwe hakuwepo sebuleni, hawezi kuwa chumba kimoja na mukwe. Alikuwa nyuma ya pazia la korido pamoja na wanawake. Miguu yake tuliiona chini ya pazia, viatu vya dhahabu, havitikisiki.

Mbuyi alitupokea, tukasemezana yale ya kawaida, tukajifanya tumepotea njia tukaona ua zuri, wakajifanya hawajui ua gani. Watu walicheka mahali pa kucheka. Kisha Mbuyi akasafisha koo.

"Dada yangu iko na swali moja paka moja. Mutoto wetu atakaa wapi?"

Yaya Edouard akasimama. Alifunga kifungo cha koti. Nilimvuta suruali kwa nyuma, akanipiga mkono bila kugeuka.

"Mbele ya Mungu na mbele ya bankambo, babu zetu," akasema, "mutoto wenu atabakia hapa Lubumbashi, karibu na mama yake. Asubuhi atakuya kumusalimia, mangaribi atakuya kumusalimia tena. Miye Edouard njo nasema."

Wajomba zetu waliitikia kwa sauti moja. Mimi nilitazama miguu ile chini ya pazia. Guelord nyuma yangu nilimsikia anavuta pumzi. Kama angenyamaza hapo, alikuwa amepata mke. Kila kitu kilikuwa mezani, uongo umekwisha kusemwa na mwingine, yeye hakutakiwa hata kutikisa kichwa.

"Hapana," akasema Guelord.

Akasimama. Bwana harusi amesimama na anaongea! Mjomba mmoja alimshika koti, koti likabaki mkononi mwa mjomba.

"Papa Edouard, unisamehe. Papa Mbuyi, tunaenda Mitwaba. Kama ju ya ile munatukatalia, mutukatalie. Lakini mama asikubali ju ya uongo, kisha akuye kusikia mu soko."

Sebule ililipuka. Yaya Edouard alikaa, akafungua kifungo cha koti. Wajomba walianza kulaumiana, Mbuyi aligonga fimbo, na kutoka korido nilisikia Deborah analia waziwazi, bila kujificha tena.

Pazia likafunguka. Maman Honorine akatoka, akaingia sebuleni, chumba kile kile alimokuwa mukwe wake. Kelele zikakatika. Watu wakubwa waligeuza nyuso ukutani. Guelord kwa mazoea alishusha macho, na nilidhani yeye pia atageuka.

"Niangalie," akamwambia. Safari hii alisema kwa Kiswahili chetu, cha hapa, kila mtu alisikia.

Guelord akainua macho.

Maman Honorine alikuwa amelia, wanja wote umeshuka mashavuni, na hakujali. Alimgeukia kwanza yaya Edouard.

"Papa Edouard, weye unasema muzuri sana. Na bale ba kwa Myriam balisemaka muzuri vile vile." Kisha akamrudia Guelord. "Mu club, nilisema labda ni Kiingereza njo kilikutosha ile neno mu kinywa. Nilitaka kusikia kama utairudilia mbele ya bantu benu, na mu luga yetu."

Guelord hakushusha macho.

"Nitalia," akasema Maman Honorine. "Mutoto yangu iko anaenda mbali, na nitalia, musinifariji. Lakini huyu sikumusikia kwa wasemaji, nilimusikia yeye mwenyewe." Akasogea mpaka wakawa wanaweza kushikana mkono, ingawa hakuna aliyeunyoosha. "Muchukue. Paka kintu kimoja. Siku Deborah atagonjwa, ao atalia, ao njala itaingia mu nyumba yako, sitaki yeye aniambie, atanificha. Sitaki Edouard, sitaki Mbuyi. Nani atakuya kuniambia?"

Guelord hakugeuka kututafuta.

"Miye, mama," akasema.